Programu ya kuandikia mwongozo mrefu: ichague ukiwaza toleo la pili

Kazi yangu ni kuandika na kuhariri miongozo ya mitambo: pampu, kompresa, mashine za kufungashia. Mwongozo mmoja hufika kurasa mia tatu, mwingine mia sita. Ndani yake mna majedwali ya vipimo, michoro ya vipuri, maonyo ya usalama, na marejeo chungu nzima ya aina ya "tazama Jedwali 4-7" au "rudia hatua ya 3 katika sehemu ya 6.2". Wanaoingia katika kazi hii huniuliza programu ipi ni bora. Nami huwarudishia swali: waraka wako utapatwa na nini baada ya toleo la kwanza kutoka?

Nauliza hivyo kwa sababu toleo la kwanza unaweza kuliandika kwa karibu programu yoyote. Ugumu huanza pale mhandisi anapobadilisha sili ya pampu, sehemu mbili zinaongezwa katikati ya sura ya nne, jedwali moja linafutwa, na mwongozo unatakiwa utoke upya kwa modeli tatu zinazofanana lakini si sawa. Programu inayofaa ni ile inayobeba badiliko hilo bila kukulazimisha upitie kurasa zote ukitafuta namba iliyosahaulika. Toleo la pili ndilo kipimo changu.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa nyaraka ndefu naupinga msemo huo waziwazi. Anayeshika programu kwa kuwa tu ndiyo iliyokuwa karibu hulipa baadaye, na mara nyingi anayelipa si yeye, ni fundi aliyefungua ukurasa wenye namba isiyo sahihi huku mashine imefunguliwa mbele yake.

Ujue waraka kwanza

Kabla ya kupakua chochote, chukua karatasi ueleze waraka wenyewe ukoje. Cha kwanza ni nani atauhariri. Kama ni wewe peke yako, una uhuru mkubwa. Kama wahandisi watano watasoma rasimu na kuandika maoni yao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuona faili lenye alama za LaTeX, lugha ya kupanga waraka kwa amri, uhuru huo umepungua. Programu ambayo wahakiki wanaikwepa itakuletea maoni kwa barua pepe, kwa simu na kwa kalamu nyekundu juu ya karatasi, nawe utakaa kuyaingiza moja baada ya jingine.

Kisha andika waraka utatoka kwa namna gani: PDF ya kuchapa tu, au pia kurasa za wavuti, au msaada unaosomwa kwenye skrini ya mashine yenyewe. Andika ni modeli ngapi zitatumia maandishi yaleyale. Andika kama utatafsiriwa, kwa sababu gharama ya kutafsiri toleo la pili inategemea kama unaweza kumwonyesha mfasiri sentensi zilizobadilika na kumwachia zile zilizobaki vilevile. Andika kama una fomula nyingi za hesabu au mbili tatu tu.

Mwisho ni jambo ambalo watu hulisahau: waraka utaishi miaka mingapi? Mtambo mkubwa unaweza kufanya kazi miongo kadhaa, na muda wote huo mwongozo wake unatakiwa ufunguke na uharirike. PDF haitoshi. PDF ni kitu cha kusoma na kuchapa. Imekuwapo tangu 1993 na ni kiwango cha ISO, shirika la kimataifa la viwango, tangu 2008, hivyo kuifungua si tatizo, lakini anayejaribu kuhariri mwongozo wa kurasa mia nne kutoka kwenye PDF anaanza upya. Kinachohitaji kuishi ni chanzo, yaani mafaili unayoyaandika na kuyahariri.

Word, LibreOffice na programu za kupanga kurasa

Naanza na Microsoft Word kwa kuwa ndiyo iliyo mikononi mwa wengi, na kwa kuwa husemwa vibaya kuliko inavyostahili. Malalamiko mengi ninayoyasikia yanatokana na kuitumia kama mashine ya taipu: kichwa cha sura kimekuzwa na kukolezwa kwa mkono, namba zimeandikwa kwa vidole, nafasi zimejazwa kwa kubonyeza Enter. Waraka wa namna hiyo utaharibika katika programu yoyote. Ukitumia mitindo ya vichwa, ukiweka maelezo ya majedwali kwa amri yake maalumu, na ukiingiza marejeo mtambuka badala ya kuyaandika, Word inabeba waraka wa kurasa mia moja au mia mbili vizuri, na hakuna kinachoishinda kwa urahisi wa kupokea maoni na kufuatilia mabadiliko ya wahakiki.

Hata hivyo, ujue inavyofanya kazi ndani. Rejeo katika Word ni uga, nafasi inayojazwa na programu yenyewe, unaosoma namba kutoka kwenye jedwali lenyewe, lakini hausomi kila sekunde. Fanya hivi uone: chukua sura yenye majedwali kadhaa, ongeza jingine kabla ya la tatu kwa amri ya maelezo ya jedwali. Namba zilizo juu ya majedwali zitasogea. Aya inayosema "tazama Jedwali 3" itabaki hivyo hivyo, ikielekeza sasa kwenye jedwali jipya lisilohusika, mpaka ubonyeze Ctrl+A kisha F9. Na F9 hiyo haigusi nyuga zilizo kwenye vichwa vya kurasa wala ndani ya visanduku vya maandishi. Sasa futa jedwali la tano na ubonyeze tena. Pale palipokuwa na rejeo lake patatokea maneno "Error! Reference source not found."

Watu huyachukia maneno hayo. Mimi nayapenda. Rejeo lililovunjika likapiga kelele linaonekana, linatafutika kwa Ctrl+F, na linarekebishwa kabla ya kuchapa. La kuogopwa ni lile linaloonyesha namba safi, nzuri, isiyo ya kweli. Basi katika kila programu ninayoichunguza nauliza: kitu kikivunjika, itaniambia?

LibreOffice Writer ina karibu mambo yaleyale bila gharama ya leseni, na ina hati kuu, faili la .odm linalounganisha sura zilizoandikwa katika mafaili tofauti. Kwa mwongozo unaozidi kurasa mia tatu nakushauri utumie hati kuu tangu siku ya kwanza. Fomati yake ya ODF ni kiwango cha ISO tangu 2006. Ile ya Word imekuwa kiwango cha ISO tangu 2008. Zote mbili ni mafaili ya zip yenye XML ndani, yaani maandishi yaliyozungushiwa alama za kueleza muundo wake. Badili jina la faili la .docx liwe .zip, ulifungue, utakuta maandishi yako yote katika document.xml. Inafariji kujua kwamba maneno hayajafungiwa, ingawa kuyasoma humo si kazi ya kumtakia mtu.

Mwongozo mkubwa unaotoka kwenye karatasi na kuhudumia modeli nyingi una kifaa chake cha siku nyingi: FrameMaker. Ilianza mwaka 1986, Adobe wakainunua 1995, na imejengwa kwa ajili ya kazi hii hasa: vitabu vyenye sura nyingi, marejeo yanayovuka mafaili, maandishi ya masharti yanayoonekana kwa modeli moja na kufichwa kwa nyingine. Inaendesha maelfu ya kurasa kwa utulivu. Hasara zake ni leseni ya kulipia, kufanya kazi kwenye Windows pekee, na uhaba wa watu wanaoijua. InDesign, programu ya Adobe ya kupanga kurasa, inatengeneza kurasa nzuri kuliko zote, na kwa katalogi au kijitabu cha kurasa arobaini ningeichukua bila kusita. Kwa mwongozo unaobadilika kila robo mwaka, siichukui: muda mwingi unaishia kwenye kusogeza visanduku.

LaTeX, na mdogo wake Typst

Donald Knuth alianza kutengeneza TeX mwaka 1977 baada ya kutoridhishwa na prufu za kitabu chake, na Leslie Lamport akajenga LaTeX juu yake miaka ya 1980. Mpaka leo, kama waraka wako umejaa fomula, sioni mshindani wake wa kweli. Unaandika maandishi matupu yenye amri, programu inapanga kurasa. Kila jedwali unalipa jina kwa \label, unaliita kwa \ref, na namba zinajipanga zenyewe kila unapokusanya waraka, yaani unapoyageuza maandishi hayo kuwa PDF. Jina lisipopatikana, PDF inaonyesha ?? mahali pale na kumbukumbu ya mkusanyo inakuonya kwamba kuna marejeo yasiyojulikana. Kelele ninayoitaka ndiyo hiyo.

Kwa waraka mrefu, jifunze mapema amri mbili: \include, inayoleta kila sura kutoka faili lake, na \includeonly, inayokuruhusu kukusanya sura unayoishughulikia tu huku namba za sura nyingine zikibaki mahali pake. Faili linalofuata LaTeX ya mwaka 1994, isipokuwa limetegemea vifurushi (nyongeza za LaTeX) vilivyoachwa, kwa kawaida bado linakusanyika leo. Kwa waraka wa kuishi muda mrefu hiyo ni hoja nzito.

Majedwali ndipo uvumilivu unapohitajika. Jedwali linalovuka kurasa linataka kifurushi cha longtable, safu zilizounganishwa zinataka kingine, na la kulazwa kwa upana wa ukurasa linataka kingine tena, navyo si lazima vielewane. Mwongozo wangu wa kawaida una majedwali zaidi kuliko fomula, kwa hiyo LaTeX naiwekea ripoti za hesabu na siitumii kwa miongozo ya mafundi. Pia, kama sheria au mteja anadai PDF yenye lebo zinazosomeka na visomaji vya skrini, pima jambo hilo kwa makini kabla ya kuamua. LaTeX imekuwa nyuma hapo kwa miaka mingi, na kazi ya kulirekebisha inaendelea.

Ukiona alama zote hizo zinakutisha, LyX inakupa dirisha la kuandikia lenye LaTeX chini yake. Typst, ambayo msimbo wake ulifunguliwa kwa umma mwaka 2023, ina sarufi nyepesi, inakusanya haraka mno na ujumbe wake wa makosa unaeleweka. Naipenda na ninaifuatilia. Ila kwa waraka wa kuishi miaka thelathini ningependa kwanza iendelee kukomaa.

Maandishi matupu na Git

Hapa ndipo ninapofanya kazi siku hizi, na nitakaa hapa kidogo.

Wazo ni kwamba chanzo cha mwongozo ni mafaili ya maandishi yenye alama chache, yanayokaa ndani ya Git, mfumo wa kufuatilia matoleo ambao Linus Torvalds aliuanzisha mwaka 2005 kwa ajili ya msimbo wa Linux. Faida yake inaonekana vizuri zaidi katika mstari mmoja. Mtu akibadilisha nguvu ya kukazia bolti za kifuniko, mhakiki anaona hivi:

- | Bolti za kifuniko M10 | 45 N·m
+ | Bolti za kifuniko M10 | 54 N·m

Mstari wa alama ya kutoa ndio wa zamani, wa alama ya kujumlisha ndio mpya. Tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Je, ni mhandisi aliyeongeza nguvu, au ni kidole kilichoteleza? Mhakiki anauliza papo hapo, kabla badiliko halijaingia, na Git inahifadhi nani alibadilisha, lini, na kwa maelezo gani. Katika faili la .docx, Git huona tu kwamba faili limebadilika, maana limebanwa. Utategemea mtu awe amekumbuka kuwasha ufuatiliaji wa mabadiliko. Kwa waraka ambao tarakimu yake moja inaweza kumuumiza mtu, mstari huo unatosha kunishawishi.

Swali linalofuata ni alama zipi. Wengi hukimbilia Markdown. John Gruber aliitoa mwaka 2004 kwa ajili ya maandishi mepesi ya wavuti, na kwa hayo inafaa sana. Markdown ya asili haina majedwali, haina tanbihi, haina namba za michoro wala marejeo yake. Vyote hivyo vimeongezwa na programu mbalimbali, kila moja kwa namna yake, hivyo mwongozo wako unafungwa kwenye programu uliyoanzia huku ukidhani uko huru. Kwa maelezo ya kurasa ishirini sina ubishi nayo. Kwa kurasa mia tatu zenye majedwali ya seli zilizounganishwa, hapana.

Zinazobeba waraka mrefu ni AsciiDoc na reStructuredText. AsciiDoc, inayokusanywa kwa Asciidoctor, ina vitu ambavyo mwandishi wa kiufundi anavihitaji bila kuongeza chochote: seli zilizounganishwa, visanduku vya onyo na tahadhari, amri ya include ya kuleta kipande kimoja mahali pengi, na ifdef ya kuonyesha aya kwa modeli moja tu. Maneno inayoyatoa yenyewe unayabadilisha kwa mistari miwili mwanzoni mwa faili, :figure-caption: Mchoro na :table-caption: Jedwali, na kuanzia hapo mwongozo unasema Kiswahili mpaka kwenye namba zake. Mtego wake mkubwa ni hatua zenye namba. Ukiweka onyo kati ya hatua ya 5 na ya 6 bila kuliunganisha na hatua ya 5 kwa mstari wenye alama ya + peke yake, orodha inakatika na hatua ya 6 inazaliwa upya ikiwa ya 1. Mfundishe kila mwandishi jambo hilo siku yake ya kwanza.

reStructuredText hutumika zaidi pamoja na Sphinx, programu ya kuikusanya, ambayo Georg Brandl aliitoa mwaka 2008 kwa ajili ya nyaraka za lugha ya Python. Sarufi yake inasumbua zaidi vidole, hasa kwa majedwali, lakini ukaguzi wake ni wa kusifiwa: ukiikusanya kwa -W, kila onyo linageuka kosa na mkusanyo unakataa kukamilika, na ina amri ya kupitia viungo vyote vya nje ikueleze vilivyokufa. Kwa nyaraka za programu za kompyuta ningeanza nayo.

Tatizo la njia hii yote ni watu. Mhandisi asiyejua Git hatajifunza kwa ajili ya kusoma sura moja, wala simlaumu. Ninachofanya ni kumtolea PDF kila wiki, yeye anaweka maoni juu yake, nami nayaingiza. Nimekubali kuibeba kazi hiyo kwa sababu napata kilicho bora zaidi upande wa pili. Kama hauko tayari kuibeba, rudi kwenye Word kwa moyo mweupe.

Lini uende kwenye XML

DocBook na DITA ni miundo ya kuandikia nyaraka kwa XML. DocBook ilianza mwaka 1991, DITA ilizaliwa IBM na kuidhinishwa na OASIS, shirika la viwango, mwaka 2005. Zote mbili zinaeleza kitu ni nini na hazijali kinaonekanaje: hii ni hatua, hili ni onyo, hii ni namba ya kipuri. DocBook hufikiri kwa vitabu na sura. DITA huvunja mwongozo kuwa mada ndogo zinazojitegemea, za dhana, za kazi na za marejeo, kisha ramani inazipanga kuwa kitabu. Mada ya "kufungua kifuniko cha pampu" inaandikwa mara moja na kuingia katika miongozo kumi na miwili. Ikibadilika, inabadilika kote. Mada ya kazi ina muundo usiovunjwa, yanayotakiwa kwanza, kisha hatua, kisha matokeo, na programu inakataa faili lililoukiuka.

Kama una modeli nyingi, lugha nyingi na timu ya waandishi, nguvu hiyo haina mbadala. Mfasiri anapewa mada zilizobadilika tu. Lakini mtu mmoja mwenye mwongozo mmoja atazama katika maandalizi. DITA Open Toolkit ni ya bure, ila kuifanya itoe PDF yenye sura unayoitaka ni kazi ya mtu mwenye ujuzi maalumu, na kihariri kizuri cha XML hulipiwa. Kanuni yangu ni kuhesabu vipande vinavyojirudia. Kama theluthi ya kila mwongozo inapatikana katika mingine, DITA inaanza kujilipa. Chini ya hapo, include ya AsciiDoc inatosha.

Jaribio la sura ngumu

Usijaribu programu kwa kurasa tatu za utangulizi. Kila programu ni nzuri kwenye utangulizi. Chukua sura ngumu kuliko zote uliyo nayo. Kama hakuna yenye kila kitu, itengeneze kwa kukata vipande kutoka miongozo ya zamani.

Yangu ina jedwali la vipimo linalovuka kurasa mbili, lenye kichwa kinachotakiwa kujirudia juu ya kila ukurasa, seli zilizounganishwa na tanbihi ndani ya seli moja. Ina jedwali pana linalolazimisha ukurasa kulala. Ina utaratibu wa hatua kumi na nne unaokatizwa na onyo moja na mchoro mmoja, nao unatakiwa kuendelea na namba sahihi, na mahali pengine katika sura kuna sentensi inayorejea hatua ya 9. Ina mchoro wa mistari wa SVG, alama za Ω, µ, ± na °C, aya mbili za modeli moja tu, na maneno ya faharasa.

Kuiandika sura hiyo ndani ya programu mpya ni nusu tu ya jaribio. Nusu ya pili, na kwangu ndiyo yenye uzito, ni kuivuruga. Hamisha sehemu moja kutoka mwanzo wa sura hadi mwisho. Futa jedwali linalorejewa mahali patatu. Ongeza hatua mpya kati ya 4 na 5, uone kama ile sentensi sasa inasema hatua ya 10. Badilisha kichwa cha sehemu, uangalie yaliyomo, kichwa cha ukurasa na marejeo yanayotaja kichwa hicho. Toa PDF ya modeli ya pili, uhakikishe aya za modeli ya kwanza zimetoweka bila kuacha namba iliyorukwa. Kisha nakili sura hiyo mpaka kurasa zifike mia nne, ufungue, usogee katikati, uandike sentensi. Programu inayochelewa hapo itakuchelewesha kila siku.

Halafu mpe mhakiki wako asiye na subira kuliko wote. Usimweleze chochote zaidi ya ambacho angeelezwa siku ya kazi. Akirudisha maoni ndani ya programu, umepata kitu. Akirudisha picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, umejua pia.

Katika jaribio zima andika ni wapi programu ilipiga kelele na wapi ilinyamaza. Mambo ya kupendeza ya dirisha lake, rangi na vitufe, yaache kwa sasa. Utayazoea yoyote.

Mlango wa kutokea

Siku moja utahama. Kampuni inanunuliwa, leseni inapanda bei, mradi huria unakosa watunzaji. Kwa hiyo siku hiyohiyo unayoingia, jaribu kutoka: chukua ile sura ngumu uipeleke kwenye fomati nyingine, uone kinachopotea. Pandoc, aliyoianzisha John MacFarlane mwaka 2006, inabadilisha kati ya Markdown, LaTeX, docx, ODT, DocBook, reStructuredText na nyingine nyingi, na ni ya bure. Vichwa, aya na orodha huvuka salama. Majedwali magumu, marejeo na maandishi ya masharti ndivyo vinavyojeruhiwa. Kadiri programu inavyoficha maandishi yako katika fomati yake pekee, ndivyo majeraha yanavyoongezeka. Uwe mwangalifu zaidi na huduma za mtandaoni zinazohifadhi mwongozo kwenye hifadhidata yao. Usikubali ahadi kwamba unaweza kupakua kila kitu. Pakua, kisha ufungue ulichopakua katika programu nyingine.

Ningechagua nini

Mwongozo chini ya kurasa mia mbili, modeli moja, wahakiki wengi wa ofisini: Word au LibreOffice, kwa kiolezo kilichotengenezwa vizuri na mitindo iliyofungwa. Ripoti yenye hesabu nyingi: LaTeX. Nyaraka za programu za kompyuta: Sphinx. Miongozo ya mitambo inayoandikwa na watu wachache na kubadilika mara kwa mara: AsciiDoc ndani ya Git, ndiyo niliyoichagua mwenyewe. Modeli nyingi, lugha nyingi, timu na bajeti: DITA. Kama tayari kuna miongozo ya miaka mingi katika FrameMaker na watu wanaoijua bado wapo, iendelee. Kuhama kuna gharama yake, na mtindo wa kisasa peke yake si sababu.

Ukishaamua, tenga muda wa kutengeneza kiolezo kabla ya kuandika neno la kwanza la mwongozo wenyewe: mitindo au alama zote, namna ya onyo, namna ya jedwali la vipimo, namna ya kutaja kipuri. Andika katika faili moja dogo toleo la programu, vifurushi na fonti zinazohitajika, na amri ya kutoa PDF. Liweke faili hilo ndani ya folda ya chanzo. Kisha mpe mwenzako kompyuta isiyo na chochote, afuate maelezo hayo peke yake mpaka PDF itoke. Akikwama popote, rekebisha maelezo siku hiyohiyo, kabla sura ya kwanza haijaanza.